Sentensi Iliyosomwa Mbele ya Jeneza

Tunduma, 19 Mei 2025

Shangazi Jenista,

Shikamoo. Mwenyekiti wa kitongoji amenipigia simu leo saa nne asubuhi. Amesema mashine ya babu haijasaga debe hata moja tangu tulipomzika Jumamosi ya tarehe 10. Funguo anazo yeye. Anasema baba mdogo Isaka alimpelekea nyumbani kesho yake, akaziweka mezani na kuondoka bila kukaa. Nilipouliza sababu, simu yake ilihamia mtandao wa Malawi, kama kawaida ya huko, ikakatika. Ndiyo maana naandika na kumkabidhi barua kondakta wa basi dogo la Costa.

Mguu wako unaendeleaje? Dawa ulizopewa Vwawa umemaliza? Sisi hatujambo. Nilirudi redioni Alhamisi. Habari ya kwanza niliyosoma ilikuwa foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Ni mwaka wa kumi na sita sasa naisoma foleni hiyo.

Naomba unieleze mambo mawili. Isaka amegombana na nani? Na watu wanasaga wapi?

Mwanao,
Tukuswiga


Isongole, 23 Mei 2025

Mwanangu Tukuswiga,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na harufu ya samaki wa kondakta, lakini imefika. Mguu unauma asubuhi tu, jua likitoka unasahau. Dawa nimemaliza. Hapa baridi imeanza na watu wameanza kuvunja mahindi.

Isaka hajagombana na mtu. Ni wasifu wa marehemu, mwanangu, ule ulioandika wewe na mchungaji akausoma. Watu waliusifu sana. Pale uliposema baba yetu alianza na baiskeli moja, akipeleka chumvi na sabuni milimani, wazee walitikisa vichwa. Pale uliposema injini ilibebwa vipande vipande kutoka barabarani na wanaume kumi na wanne mwaka 1986, mzee Lwitiko alisema kwa sauti, "Na mimi nilikuwemo!" Na habari ya mzani wa magunia, kwamba kila Desemba aliwapima wajukuu na kuandika kilo zao kwa chaki ukutani, hiyo iliwaliza hata waliokuja kula tu.

Kisha ikaja sentensi ya mwisho. Naikumbuka: "Babu aliniambia mara nyingi kwamba siku akiondoka, mashine hii nitaiwasha mimi." Hapa kwetu kinachosomwa mbele ya jeneza, na wenye msiba wakanyamaza, ndicho alichoacha marehemu.

Isaka amesimama kwenye ile mashine miaka kumi na tisa. Nimemwambia, "Washa tu, watu wale." Akanijibu, "Dada, amesomwa mwenye mashine. Nikiigusa watasema nimemnyang'anya yatima wa kaka yangu. Aje mwenyewe." Kisha akaenda kupalilia kahawa.

Wanawake wanavuka mto Songwe kwenda kusaga Malawi, na debe kichwani. Jana nilimsikia mmoja akisema, "Mwenye mashine yuko redioni. Leo tutapika taarifa ya habari." Wakacheka. Nami nilicheka, nisamehe.

Utakuja lini?

Shangazi yako,
Jenista


Tunduma, 26 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi mguu una nafuu. Usiende kwenye mahindi na umande.

Nimesoma barua yako mara tatu. Sentensi ile niliandika Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Sikuiandika kama wosia. Niliiandika kwa sababu ni kweli, aliisema. Aliisema nikiwa na miaka sita juu ya mzani. Aliisema tena getini pale shuleni Vwawa, alipokuja na debe la unga akakaa juu yake mpaka nilipotoka kwenye mtihani. Nilitaka watu wajue alivyonipenda. Basi.

Sitaki mashine. Nina kazi na chumba hapa, na kuhusu injini najua tu kwamba inapiga kelele. Mwenye haki ni Isaka. Redioni tukikosea, tunasoma masahihisho saa ileile habari iliposomwa. Nimeyaandika ya hili pia, yamo ndani ya bahasha hii. Yanasema kwamba maneno yale yalikuwa ya mapenzi tu na kwamba mashine ni ya Isaka Kibona. Nimetia sahihi. Mpe mchungaji ayasome kanisani Jumapili.

Mwanao,
Tukuswiga


Isongole, 15 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila Jumapili nilikuwa nangoja niwe na jibu zuri zaidi.

Mchungaji alikataa kuyasoma kwa uamuzi wake peke yake, akawaita wazee wa ukoo. Walikaa kwangu Jumamosi mbili. Mzee Lwitiko aliishika karatasi yako akaigeuza pande zote, akauliza, "Hii itasomwa mbele ya jeneza gani?" Wenzake wakamuunga mkono. Wamesema yaliyosomwa siku ile marehemu ameondoka nayo. Masahihisho yako yamo kwenye kabati langu.

Jambo la pili ulijue. Siku ya mazishi wajukuu wenzako Frida na Gwantwa walitazamana mchungaji aliposoma. Nikadhani ni utovu wa adabu. Juzi nimewauliza. Gwantwa akasema, "Shangazi, mbona hata mimi aliniambia nitaiwasha mimi?" Frida naye. Nikawapigia wengine mmoja mmoja, mpaka salio likaisha. Wajukuu wote kumi na mmoja, Tukuswiga. Kila mmoja aliambiwa juu ya mzani, na kila mmoja alidhani ni siri yake na babu.

Niliwapelekea wazee habari hiyo kwa furaha, nikidhani umepona. Wakasema walioambiwa ni kumi na mmoja, aliyesomwa ni mmoja.

Nimemwomba Isaka aipokee kutoka mkononi mwako. Hataki. Anasema hawezi kupewa na mtoto kazi aliyoifanya kabla mtoto huyo hajamaliza shule. Ana hasira, ndiyo, lakini zaidi ameumia. Baba hakuwahi kumwambia yeye neno lile hata mara moja.

Siku ya Jumanne, Nesta, mke wa fundi cherehani, aliteleza mtoni akirudi. Unga wote ulikwenda na maji na mkono umevunjika. Tangu siku hiyo hakuna anayenitania tena.

Wazee wanasema hivi: mwenye mashine aje, awashe mbele ya watu, na akae msimu mzima mpaka mahindi ya mwisho yasagwe. Akisha kukaa msimu, amekubali kuirithi. Isaka yuko tayari kukuonyesha kazi siku moja, kisha anahamia Mbangala kulima ufuta.

Sijui nikuambie nini zaidi. Nimekutandikia chumba cha baba.

Shangazi yako,
Jenista


Tunduma, 18 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Nesta pole yangu. Mwambie nitaisema mwenyewe nikifika.

Kuhusu wajukuu kumi na mmoja: ningempigia Gwantwa simu moja tu Ijumaa ile, sentensi isingeandikwa. Wanaoanza kazi nawafundisha kila mwaka kwamba neno la mtu mmoja lisiende hewani bila kuulizia kwa mtu wa pili. Sikuulizia, kwa sababu nilitaka liwe langu peke yangu.

Niliomba likizo ya msimu bila malipo. Mhariri alisema leo saa tano kwamba nafasi yangu haiwezi kukaa wazi hadi Septemba. Barua ya kuacha kazi nimemkabidhi saa nane. Chumba nakirudisha tarehe 26.

Mwambie baba mdogo kwamba simwombi anisamehe kwa barua. Namwomba asiondoke kabla sijafika. Babu alituahidi sote kwamba tutaiwasha, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti injini ikiwa inanguruma. Sijui hata mkono wa chuma wa kuizungushia unaingizwa upande gani.

Nitashuka Isongole Ijumaa tarehe 27. Mwenyekiti amethibitisha kwa simu, kabla haijakatika, kwamba ataleta funguo Jumamosi, tarehe 28 Juni, saa tatu asubuhi.

Mwanao,
Tukuswiga