Mama wa Hakimu

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya Safari, kaka yangu mkubwa, Kimanga, Uvira,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana barua hii si ya kusoma umesimama. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa uliyoletewa kutoka Katogota ilisaidia kweli, au unaipaka tu ili usitumwe mahali? Na ziwa, limetoka jikoni kwa dada yetu Furaha, au bado linakaa kama mgeni asiyejua kuaga? Sisi huku tuko wazima. Mke wangu alikohoa wiki mbili, sasa amepona na amerudia kuuza mikate yake. Watoto wanasoma. Kazi yangu kortini ilikuwa ile ile unayoijua, ya ukarani: kupokea karatasi, kuzipa namba, kuzishona na uzi. Nasema ilikuwa, utaelewa mbele.

Ningekupigia simu, lakini unajua mwenyewe kwa nini siku hizi simu zetu hazifiki mwisho. Nimempa barua hii baharia mmoja wa boti ya mizigo akutie mkononi.

Yaya, nina kinyaa. Nimekuwa nacho tangu ilipofika hapa dosye, jalada la kesi ya mali ya marehemu Mzee Kashindi. Kesi unaijua kuliko mimi, lakini acha nikuambie inavyoonekana kwa mtu anayeishika mikononi. Mzee alikufa akaacha maboti, malori, maduka, na mashamba hadi Katogota. Watoto wa mke wa kwanza, Justin akiwa mbele, walichukua vyote na hakuna aliyewasumbua. Imebaki nyumba moja, ile ya vyumba vitatu karibu na kinu, anamokaa Mama Nabintu, mke wa pili, aliyemwogesha Mzee miaka yote ya ugonjwa wake. Na hiyo wanaitaka. Wana nyumba Bujumbura, wana nyumba Kinshasa, na vyumba vitatu vya mjane navyo vinawanyima usingizi. Wanasema Mama si mke, alikuwa mtu wa kukaa tu pale, kwa sababu hakuna kitabu cha serikali kilichoandika ndoa yake. Ng'ombe wa mahari walipandishwa Lemera mchana kweupe, wazee waliowapokea bado wako hai, lakini eti ng'ombe si karatasi.

Hapo Uvira kesi ilikuwa inakwenda vizuri. Hakimu aliwasikiliza wazee watatu waliotelemka kutoka Lemera, mmoja akitembea kwa fimbo mbili, kisha akasema atapanda mwenyewe kule juu kuwasikiliza wengine walioshindwa kutelemka. Justin aliposikia kwamba kuna hakimu yuko tayari kupanda mlima na viatu vyake, ndipo akaona hatari. Ndipo likazaliwa ombi la kuhamisha kesi. Kwa Kifaransa cha mawakili sababu yake ina jina zuri, shaka halali: yaani mahakimu wa hapa hatuwaamini, tupelekeni kwingine. Ombi hilo nimelisoma mara tatu, na sijaona kilicho halali humo isipokuwa tarehe.

Sasa sikiliza hiyo shaka yenyewe. Siku moja kwenye veranda ya korti ya Uvira, Mama Nabintu alimkuta hakimu anapita. Akamwambia kama wanavyosema mama zetu wote: "Mutoto yangu, usinisahau." Hakimu akajibu: "Ndiyo, mama." Akapita, mambo yakaisha. Justin alikuwa na simu mkononi, akachukua video. Maneno hayo matano yakageuzwa Kifaransa, yakapelekwa Kinshasa, kwenye korti kuu inayoamua maombi kama hayo: kwamba mdaiwa anamwita hakimu mwanangu, na hakimu anamwita mdaiwa mama, mbele za watu, bila hata kujificha. Nilicheka peke yangu ofisini. Hapo kwetu unamwita mama hata anayekuuzia majani ya sombe na jina lake hulijui. Kama neno hilo ni undugu, basi Justin mwenyewe ni mtoto wa soko zima, maana amekua akiita mama kwenye kila mlango aliponusa samaki.

Kicheko hakikudumu. Kinshasa nako watu wanaitana mama na papa tangu asubuhi, video peke yake isingewatosha. Ilihitajika karatasi ya kuitia nguvu. Dosye ilifika kwa boti ndani ya gunia la mchele, na mimi ndiye niliyelifungua. Nikaanza kupanga kurasa na kuzipa namba upya, nikafika kwenye ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la shule. Unasema kwamba mimi ninayetia sahihi hapa chini, shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa huu, nathibitisha kuwa hakimu huyu ni wa ukoo wa Nabintu, ni mtoto wa dada yake wa tumbo moja, na avenyu nzima inajua hivyo. Chini yake muhuri umepigwa kichwa chini. Sikuhitaji kusoma jina. Uvira namjua shefu mmoja tu anayepiga muhuri kichwa chini, kwa sababu mpini wake ulivunjika na hajawahi kuutengeneza.

Ni wewe, yaya.

Nilitoka nje nikatema mate. Hakimu yule hata si wa kwetu. Ametoka mbali, Kifuliiru hajui hata kusalimia, na alipofika Uvira wewe ndiye uliyezunguka naye kumtafutia nyumba ya kupanga. Halafu unaandika kwamba ni mtoto wa dada yake Nabintu. Nikarudi ndani nikaishona karatasi yako pamoja na zile nyingine, kwa sababu kazi ni kazi, na sindano ikapita katikati ya muhuri wako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilizoea kulisema hilo juu ya watu wengine, sikudhani siku moja nitapekua nguo zangu nikukute wewe.

Nilipokupigia mara ya kwanza ulinijibu: "Weye Byamungu, ile ni karatasi tu. Minye nilitia muhuri, sikuua muntu." Wiki ile ile Furaha, bila ubaya wowote, alinisimulia kwamba nyumba yako imeezekwa mabati mapya, yameletwa na lori la akina Justin, na yanang'aa hadi jirani wa mbele anaweka pazia. Nilipokupigia mara ya pili nikuulize habari ya hayo mabati, ukakata simu. Basi nikueleze kwa kalamu, kalamu haikatwi.

Karatasi tu imeleta kesi hadi huku, siku mbili juu ya maji kutoka Uvira. Akina Justin hawakumkimbia hakimu, waliikimbia miguu ya wale wazee. Nani atamleta Kalemie mtu wa fimbo mbili? Justin alikuja kwa ndege na wakili wake, wamelala hoteli yenye ua na maua. Nimewasikia wakilalamika kwamba samaki wa huku amekaangwa sana. Mama Nabintu alikuja na boti ya mizigo, ameketi juu ya magunia ya ndagala, samaki wadogo wakavu, akitapika njia nzima, na hakuna shahidi hata mmoja nyuma yake.

Aliniona kwenye veranda ya korti nimebeba dosye. Uso wake ukafunguka, akaniita kwa sauti: "Byamungu, mutoto yangu, kumbe uko hapa. Mungu iko."

Justin alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na ile simu yake mkononi. Yaya, sikumjibu. Unakumbuka mama yetu alipolazwa hospitali ya Lemera miezi minne, nani aliyetupikia? Nani alikuwa anakutolea wewe miiba ya samaki, mkubwa mzima, kwa kuwa uliwahi kukwamwa ukaapa hutakula tena? Huyo ndiye niliyempita kama ninavyoipita nguzo. Niliingia ofisini nikafunga mlango nikakaa. Siku zote hizo nilidhani kinyaa changu ni juu yenu, wewe na Justin, lakini pale kwenye kiti nilijichukia mimi. Asubuhi yake mke wangu akarudi na habari kwamba yule mama wa Uvira amelala barazani kwa parokia, kwa sababu aliogopa kuuliza ninapokaa.

Nikaandika barua kwa prezida wa korti. Nikaomba niondolewe kwenye kesi hiyo, na kwenye nafasi ya sababu nikaandika kwamba mdaiwa ni mama yangu. Akaniita. Akaniuliza kama amenizaa. Nikasema hapana, amenilisha. Akanitazama, akasema kwa sheria huo si undugu. Nikamjibu kwamba kama huo si undugu, basi kesi hii isingefika hapa. Hakucheka. Alifungua dosye, akaisoma karatasi yako polepole, akaifunga, kisha akatia sahihi kwenye ombi langu. Sasa wamenihamishia kwenye chumba cha dosye za zamani, nakaa na vumbi na panya, na wenzangu wananiona mjinga aliyejitoa kwenye kesi ya matajiri wakati wengine wanaitafuta kwa tochi. Wanashangaa sana. Mmoja aliniuliza kama nimerogwa.

Siku hiyo hiyo nilikwenda parokiani nikamchukua Mama Nabintu. Nilimwomba msamaha njiani, akasema hakuna kitu, aliona nimebeba mzigo. Anakaa kwetu sasa, analala na mtoto wetu wa mwisho, na mikate ya mke wangu imeanza kuwa na chumvi ya Kimanga, maana anamsaidia kukanda.

Yaya, nakuja kwenye neno nililokuandikia. Kuna wakili mwanamke hapa parokiani anayemsaidia Mama bila malipo. Amesema njia imebaki moja. Aliyetia muhuri asimame mwenyewe mbele ya korti hii, aseme kwa mdomo wake kwamba alichoandika ni uongo na aseme aliyemwomba aandike ni nani. Akifanya hivyo, wakili ataomba korti iandikie Uvira, wazee wasikilizwe hukohuko kwao, na wale ambao hawajasikilizwa wafuatwe mlimani. Asipofanya hivyo, kesi itakatwa huku bila shahidi, na vyumba vitatu vitakuwa vya Justin. Kikao ni Jumatatu ya pili ya mwezi ujao. Wakili alitaka kumwambia Mama jina la aliyetia sahihi, nikamsihi anipe nafasi nikuandikie kwanza. Amenipa mpaka siku ya kikao.

Sikufichi, utaaibika. Justin atakuita mwongo, na siku hiyo atakuwa anasema kweli. Pengine watakunyang'anya muhuri, na mabati wanaweza kuja kuyang'oa mbele ya majirani. Yang'olewe. Baba yetu aliishi chini ya nyasi na hakuna aliyewahi kumtemea mate mlangoni. Njia ya mwongo ni fupi, tumefundishwa hivyo, ila yako ina urefu wa ziwa lote hili, na sina huruma na goti lako. Panda boti bandarini Kalundu. Ukikosa kiti, magunia ya ndagala yapo.

Nisalimie shemeji, mke wako, ambaye najua hakuulizwa. Nisalimie Furaha, umwambie asibebe maji mazito. Nisalimie katekista wetu mzee aliyetufundisha kusoma sote wawili kwenye benchi moja, na wale wazee wa Lemera wakitelemka siku ya soko, uwape mkono kama unaweza kuwatazama.

Mama Nabintu naye anakusalimu. Yuko hapa karibu yangu anachagua mchele, na ananiona ninakuandikia. Anasema ufunguo wa nyumba ameuacha kwako, kwa sababu katika avenyu nzima hakuona mtu mwingine wa kumwachia. Ameniomba nikuandikie maneno yake kama alivyoyatamka, nisiongeze wala nisipunguze. Ndiyo haya: "Safari, mutoto yangu, unichungiye nyumba."

Hilo mimi sitakujibia.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Byamungu