Mlango wa Nyuma wa Mama

Nyumbani shambani,
Jumapili, tarehe 12 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Nakupa kwa kuwa Mama alitufundisha, wala si kwa kuwa mwezi huu umeistahili. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo huko mliko, na kile kikohozi chako kimekuachia. Huku tu wazima, isipokuwa Mama, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Kwenye simu huwa unanikatiza. Karatasi hutaikatiza.

Tulirudi nyumbani wiki tatu zilizopita, baada ya miezi minane ya kubanana katika vile vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, tukila unga na kupumua unga. Tulipakia magodoro, masufuria na kuku wanne kwenye gari. Mama akakaa mbele, akawa anamwelekeza dereva kana kwamba yeye ndiye mwenye macho. "Hapo mbele kuna shimo," akamwambia. Dereva akacheka, gurudumu likatumbukia.

Haki yako sikunyimi. Upepo ulipoondoka na paa, wewe ndiye uliyenunua kila bati, na paa jipya halivuji hata tone. Nilishashukuru, nashukuru tena. Shukrani zimeishia hapo.

Nani alikuruhusu kuziba mlango wa nyuma wa Mama?

Chumba chake unakijua. Macho yalizimika miaka sita iliyopita, na tangu hapo nyumba hii anaiona kwa viganja. Kutoka kitandani hadi mlangoni hatua saba. Kutoka mlangoni hadi banda la kuku hatua kumi na tisa, mkono wa kushoto ukiambaa ukutani. Ulipokuja mara ya mwisho ulimsifu mbele ya majirani kwamba anatembea kuliko wenye macho. Kumbe ulikuwa unasifu tu, hukuwa unatazama.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama akiupapasa ukuta, juu, chini, juu tena, kama mtu anayetafuta swichi. Tofali na lipu, laini kabisa.

"Mwanangu, mlango wangu mmeupeleka wapi?"

Hakungoja jibu. Akacheka kicheko kibaya, akasema, "Basi nimezeeka kweli. Nimepotea ndani ya nyumba yangu."

Kaka, aliamini akili yake inaondoka. Ilinibidi nimkalishe kitandani nimwambie kwamba akili yake ni nzima, mlango ulikuwepo, na mwanawe ndiye aliyeuziba. Alijikung'uta viganja vumbi la ukuta. Halafu akakutetea! "Atakuwa na sababu yake," akasema.

Sababu yako niliipata siku hiyo hiyo kwenye simu. "Mama hahitaji mlango, anahitaji kupumzika. Na wezi hupitia milango ya nyuma." Nikakuuliza ni mwizi gani wa kuhangaikia kuku wanne. Ukasema una mkutano, ukakata.

Sasa njia ya kwenda nje ikabaki moja, kupitia sebule yako mpya. Ile uliyoagiza sakafu yake iinuliwe kwa ngazi juu ya vyumba vingine, ikatandazwa vigae vinavyong'aa kama sahani iliyooshwa. Siku ya nne Mama alikuwa anatoka kuoga, anarudi chumbani kupitia hapo. Mguu ukatafuta sakafu, ukakosa. Aliangukia mkono wa kushoto, ule ule anaoambaa nao ukutani. Kwenye zahanati walimfunga plasta, wakasema wiki sita. Njia nzima ya kurudi alikuwa ananiomba nisikwambie, usije ukajisikia vibaya.

Baada ya hapo akagoma kutoka chumbani. Mpwa wako ndiye aliyekuwa anawalisha kuku, na kila yai alilipeleka kwa bibi yake kwanza alishike likiwa bado na joto. Kisha siku ya nane, asubuhi kweupe, Mama akaniomba beseni kitandani. Hakutaka kwenda chooni tena. Hapo nikajua tunampoteza huku tunamtazama.

Nikamwita Fundi Kesho. Jina hilo tumempa sisi, na miezi minane inatosha kulieleza. Siku hiyo alikuja leo. Nikamwambia avunje.

"Bosi kasema pasiguswe," akajibu, mikono mfukoni.

"Bosi wako hajawahi kufua shuka za humu ndani," nikamwambia, nikaichukua nyundo kubwa mwenyewe.

Pigo la kwanza lilinitetemesha hadi meno. La pili likatoa lipu. Shemeji yako akaacha alichokuwa akifanya, akaipokea nyundo, akaanza kuponda. Fundi alivumilia kidogo tu. "Basi, basi, nipeni hapa, mtaangusha nyumba nzima!" Alifanya kazi hadi alasiri, tena kwa ustadi, maana aibu nayo ni msaidizi mzuri. Mlango wenyewe tuliuokota uani. Vibarua wake walikuwa wakichanganyia saruji juu yake. Ameukwangua na kuurudisha. Vigae vyako vya mbele ya ngazi tumevimwagia saruji ya kukwaruza. Havipendezi. Havitelezi.

Tulipomwambia, Mama alijifunika shuka akageukia upande wa pili. Lakini asubuhi iliyofuata nikasikia komeo. Nilimkuta ameshavuka kizingiti, anakwenda kiubavu kama kaa ili mkono wa kulia uupate ukuta. Nikataka kumshika.

"Niache," akasema, "nahesabu."

Alitumia hatua ishirini na nne, akaligonga banda kwa goti, akawatukana kuku wote wanne kwa ile sauti yake ya zamani. Nilikaa kizingitini nikalia, na ujue sikulia kwa uchungu tu.

Sasa nisikilize. Fundi usimpigie tena. Ukitaka ukuta ujengwe au uvunjwe, uliza wanaolala ndani yake. Na usiniletee hadithi za wezi, maana kitu kikubwa kilichoibwa katika nyumba hii uliagiza wewe.

Nisalimie wifi yangu, najua angekuzuia kama ungemwambia. Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu, mpwa wako anauliza mjomba amekasirika au amenyamaza tu. Shangazi wa ng'ambo ya bonde naye anakusalimu, ingawa alipousikia mkasa huu alirudisha nusu ya salamu.

Nimemsomea Mama barua hii yote. Ameniamuru nifute matusi mawili, nimeyafuta. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza. Alifikiri, plasta imelala mapajani, halafu akasema niandike kama anavyotamka:

"Mwanangu, mimi ni mzima na simu ninayo. Mbona hukuniuliza?"

Mungu akulinde, na akupe jibu la kumpa.

Mimi dadako, nikupendaye hata sasa, kwa shida.