Ukuta Kati Yangu na MaNdlovu

Jumatatu, 9 Machi
Sambusa zimeisha mapema. Nne nimempa jirani MaNdlovu juu ya ukuta, kanipa magwinya ya moto, maandazi ya kwao. Ndivyo tulivyo toka nihamie mtaa wa Bellevue. Ukuta wa kifuani, yeye kwake mimi kwangu, Kizulu changu cha sokoni, midomo haifungwi. Leo habari tamu: mwenye spaza, kile kiduka cha kona, kaoa tena, mke mkubwa hajui. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kasema pia kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba, eti wageni kama sisi tutoke. Nisihofu, akisikia siku yao ya kuja ataniambia.

Jumanne, 10 Machi
Kikao uani, wapangaji wote. Kabongo kaongea. Huyu alifundisha historia Lubumbashi, hapa Joburg ni mlinzi. Katueleza Ukuta wa China. Mfalme anajenga, anakufa, anakuja mwingine anajenga tena, juu ya milima, watu wa farasi wasipite. Ndani watu wakalima, wakasoma, nchi ikawa nchi. "Bila ukuta hakuna China. Mama Sharifa, na siye tupandishe." Tumepiga makofi. Na mimi nimepiga. Na sheria: fujo ikianza, geti halifunguliwi kwa yeyote.

Alhamisi, 12 Machi
Ukuta umenipita kichwa. Juu vipande vya chupa. MaNdlovu alikuwa anaangalia. Nikamwambia ni sababu ya wezi.
"Wezi gani? Huku si niko mimi?"
Nimeona aibu, nikaingia ndani.

Jumamosi, 14 Machi
Sina habari yoyote. Nani kazaa, nani kafukuzwa, sijui. Nimemwita MaNdlovu, kimya. Labda hasikii. Labda kanuna. Nilianza kwenda kwake kupitia barabarani, aibu ikanirudisha njiani. Magwinya nanusa tu.

Jumatatu, 16 Machi
Wamekuja. Hakuna aliyetuambia. Tumesikia nyimbo, halafu mawe getini. Mnyororo umefungwa. Mwanangu Sharifa yuko nje. Kaenda saluni mjini asubuhi, na saa hizi ndio hurudi. Simu haipokei.
Nimemkaba Kabongo shati, fungua. "Mama, tulipatana." Nimekaa chini nimelia kama mtoto. Kazaliwa hapa huyu, nikimwongelesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Lakini wanajua anaishi nyumba hii. Sina mwana mwingine. Naandika ili nisipige kelele.
Nimemuuliza Kabongo, hao Wachina, watu wao wakibaki nje walifanyaje? Kanipa kipande cha historia alichokificha kikaoni. Watu wa farasi walikuwa na soko pale ukutani, wanaleta farasi, wanachukua nguo na chai. Soko likiwepo, kunatulia. Wafalme wakilifunga, wale wa farasi wanarudi na mikuki, na ukuta upo palepale.
"Mbona hukusema?"
"Niliogopa, Mama. Nilitaka ukuta."

Jumatatu, jioni
Wameondoka. Nimezunguka hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, nimeuliza kila mtu. Kwa MaNdlovu tu sikugonga, baada ya chupa zile, kwa uso gani? Hayupo. Nimeona kiatu barabarani, si chake. Nimekigeuza mara ngapi sijui. Si chake.

Jumanne, 17 Machi
Mzima.
Alikuwa kwa MaNdlovu. Mama wa watu kamsubiri anaposhuka taksi, kamfunga leso, kamwingiza ndani, wale wa mawe kawaambia ni mjukuu wake. Akakaa mlangoni anakaanga magwinya, mafuta yanachemka, hakupita mtu. Simu ilimdondoka Sharifa akikimbia. Namba yangu kichwani hana, watoto wa siku hizi. MaNdlovu naye hanayo. Ya nini, tulikuwa na ukuta mfupi. Wakaogopa kutoka hadi kukuche. Waliniita, wakagonga ukuta kwa mwiko. Sikusikia kitu. Mwanangu kalala upande wa pili wa kitanda changu, na mimi namlilia kama maiti.
Kuna kingine. Jumapili MaNdlovu alikuja getini kuniambia siku yao. Kabongo ndiye alikuwa zamu. Akamwambia mgeni haingii.
Kabongo hajala tangu asikie.

Jumatano, 18 Machi
Nyundo toka asubuhi. Kabongo yuko juu ya ngazi peke yake, anatoa matofali. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza. Ukuta ulipofika kifuani nilikwenda kusimama. MaNdlovu naye alikuwa kasimama. Kanishika mkono, kaushikilia. Vumbi linatuangukia. Hatukusogea.