Ada ya Sanduku la Mwanamkasi

Ngamiani, Tanga
24 Septemba 1955

Kwa sahibu yangu Bakar bin Hamad, Adeni,

Salamu zangu zipokee ukiwa umekaa, kwa sababu zikiisha salamu utataka kusimama. Hujambo wewe? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa vumbi la makaa ya meli? Mimi ni mzima. Baiskeli za Ngamiani zinaharibika kila siku, alhamdulillahi, kwa hiyo nakula. Mama yako naye hajambo. Juzi nilimpelekea samaki wa kukaanga, akaniombea dua ndefu mpaka samaki wakapoa.

Sanduku lako limefika. Ningependa kuishia hapo nitie sahihi, lakini yaliyonikuta mpaka leo mdomo haujafunga sawasawa.

Kama unavyojua, mkweo Mzee Hatibu amechoka. Harusi umeiahirisha mara mbili, na kila mara ni barua na udhuru, mara meli, mara tajiri kakunyima ruhusa. Alinambia waziwazi, kwa upole wake ule wa kutisha, kwamba Maulidi ikipita bila sanduku la bibi harusi kufika Pongwe, atakurudishia posa yako, na Mwanamkasi ataolewa na mtu anayeonekana kwa macho. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, kule bandarini hakuna asiyenijua. Mtu aliyepika katika meli mpaka Bombei na Durbani ashindwe na sanduku moja la mbao? Mzee akasema inshallah, lakini akamtuma dada yake, Bi Mwatumu, anifuate. Bi Mwatumu naye hatembei peke yake, akaja na mwanamke mwingine aliyejifunika buibui, nikadhani jirani. Nikawapakia teksi kwa fedha yangu, mimi nyuma kwa baiskeli.

Njiani, kila teksi ilipopunguza mwendo, niliisogelea ubavuni nikawachekesha sana. Niliwasimulia jinsi ulivyotapika safari yako ya kwanza hata nahodha akauliza kama huyu tumemleta kufanya kazi au kuzaa. Bi Mwatumu alicheka dirishani. Yule jirani hakucheka. Nikasema moyoni, huyu ana jino linamuuma.

Basi tukafika ofisi ya wakala, yule anayepokea mizigo ya meli na kuipitisha forodhani. Karani wake ni kijana mmoja anaitwa Ernesti, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Nikamwamkua kwa Kiingereza changu cha darasa la nne. Akanijibu kwa Kiswahili. Akasema sanduku lipo, limeandikwa thamani ya shilingi mia saba, na ushuru wake ni mia na hamsini.

Bakar, mia saba? Ndani mna pembe ya ndovu? Nilishtuka, lakini nikakaza uso kama mtu wa dunia. Ndipo Ernesti akaendelea, taratibu kama anayesoma hitima, kwamba kampuni yake imekwisha kutulipia ule ushuru ili mzigo usilale, na kwa wema huo inadai ada, arobaini nyingine. Nikamuuliza arobaini ya nini. Akasema ya kutulipia. Nikamuuliza nani aliyewaomba mtulipie. Akasema hakuna anayeomba, ndivyo kazi inavyokwenda. Yaani mtu anaingia jikoni kwako huna habari, anakununulia chumvi, halafu anakudai bei ya chumvi na bei ya miguu yake. Arobaini, ndugu yangu, ni fedha ambayo kibarua wa mkonge huko Pongwe anamaliza kipande kizima, siku thelathini za kukata, ndio aione. Nilipomwambia hivyo, Ernesti alisema hata yeye mshahara wake si mkubwa sana kuliko huo, na kwamba nisipolipa, ghala nalo litaanza kuhesabu. Nikakaa chini kwenye benchi.

Kilichonirudisha ni ujanja. Nikasema sanduku lifunguliwe, bwana wa forodha alitazame kwa macho yake. Akaitwa, likafunguliwa. Mna hariri vipande viwili, kitambaa chepesi cha doria, makubadhi, udi, chupa ya marashi na sabuni za harufu. Vitu vizuri, sikudanganyi, mimi mwenyewe ningeolewa. Lakini bwana wa forodha alipapasa, akanusa, akasema havizidi mia na ishirini. Akatoa kalamu nyekundu, yuko tayari kukata ile mia saba kwenye karatasi iliyobandikwa juu na kuandika bei ya haki.

Hapo ndipo nilipokuelewa, ewe mwongo wa Mungu. Siku ya kufungua sanduku wanawake wa kwetu huanza na ile karatasi kabla ya nguo, mmoja anasoma, wengine wanapiga vigelegele. Uliandika mia saba ili vigelegele vifike mpaka Mkwaja. Hukujua kwamba serikali nayo inasoma. Sasa nifanye nini? Nikubali mstari mwekundu, uaibike mbele ya ukoo mzima? Au nilipe ushuru wa mali ambayo haimo, na arobaini juu yake? Nilikuwa na themanini mfukoni. Nikafikiria kuuza baiskeli. Nikamwambia bwana wa forodha aweke kalamu chini kwanza.

Ernesti akasema hayo si yangu kuamua. Sanduku limeandikwa jina la Mwanamkasi binti Hatibu, mwenyewe ndiye atie sahihi. Nikacheka, nikamweleza kwamba binti yuko ndani Pongwe, mwari wa kwetu hazururi bandarini.

Yule jirani akasema mwenyewe ni yeye.

Wallahi nilitafuta pa kujificha, nikaona meza tu. Nilikwisha kumsimulia kutapika kwako. Akaja mbele, akaomba kalamu, akasema iandikwe bei ya kweli, kwa sababu hao shangazi zake wana vidole, wataipapasa doria na kujua kabla hawajasoma. Akatia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wa Ernesti. Ushuru ukashuka mpaka ishirini na sita, kilichozidi forodha itairudishia kampuni. Ada je? Ernesti akasema ada haishuki, kazi ilikwisha fanyika. Arobaini ileile, imeupita ushuru wenyewe.

Niliingiza mkono mfukoni, Mwanamkasi akanikataza. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa fedha ya mikeka aliyosuka, akalipa yote, ushuru na ada. Nimetembea dunia, Bakar, lakini bibi harusi kujilipia sanduku lake sijapata kuliona popote. Bi Mwatumu alitazama ukutani. Mimi nilitaka kulia, nikajifanya nafunga kamba.

Kamba hiyo hajaifungua. Limekaa uvunguni mwa kitanda chake, na amewaambia wanawake wote kwamba halifunguliwi mpaka wewe usimame mlangoni kwao. Babake amemkubalia, lakini neno lake la Maulidi halijabadilika. Nami nimetumwa nikueleze hivi: fedha aliyolipa haitaki kwa posta wala kwa mkono wangu, anaitaka kwa mkono wako. Hakuikasirikia mia na ishirini. Alisema kama ungeandika mia na ishirini ukaja nayo wewe mwaka jana, sasa angekuwa keshakuzalia.

Kwa hiyo usitume kitu kingine, hata pipi. Mwombe tajiri wako, akikataa mwachie makaa yake, panda meli. Nimemuuliza Ernesti kama bwana harusi hutozwa ushuru, akasema hapana. Kuhusu ada hakuniapia, lakini hiyo nitakulipia mimi.

Mama yako anakusalimu, na Bi Mwatumu anakusalimu kwa sauti ndogo. Mola akulete salama.

Ni mimi nduguyo,
Msafiri bin Uweso,
fundi baiskeli