Mama, Chula Tumezimiwa Mpira

Mama,

Naanza na habari mbaya, kwa sababu wewe hukupenda mchu, kama tunavyomwita mtu kwetu, akuzungushe. Banda lako la mpira nimelifunga. Si kwa uvivu, wala wachu wa Chula hawajaacha kupenda mpira. Tumezimiwa, mama, na hata leo sijui niende kwa nani nikalalamike.

Najua ungeniambia nikae kitako nieleze polepole. Basi naeleza.

Banda lile ulilianzisha hata mpira wenyewe huujui. Tulipokuwa wakimbizi Mombasa ulikuwa ukiuza mahamri nje ya ukumbi wa video, ukaona namna wanaume walivyoingia wamenuna wakatoka wakicheka. Tuliporudi kisiwani kwetu Chula, huku Somalia, nyumba haina hata paa, ukauza bangili zako mbili za dhahabu ukanunua televisheni, dishi, dikoda na sola. Mashangazi walisema umerukwa na akili. Mjane, na televisheni! Lakini msimu wa kwanza haujaisha, wewe ndiye uliyekuwa ukiwaamulia wanaume ugomvi wao. Mchezaji akiotea ulikuwa ukiwaambia, "Huyo ni maamuma aliyemtangulia imamu. Goli lake halikubaliwi." Sijasikia aliyeeleza kuotea vizuri kuliko hivyo.

Na ile Jumamosi ya penalti! Mpira umeshawekwa, mpigaji amerudi nyuma hatua tatu, mara adhana ya magharibi. Ukainuka ukazima. Wanaume wazima wakashika vichwa. Ukawaambia, "Anayewaita sasa ni mkubwa kuliko refa." Siku ile imamu alisoma sura fupi kuliko zote anazozijua, na alipotoa salamu alikuwa wa kwanza kutafuta viatu vyake.

Kulikuwa na miaka wenye bunduki walikataza mpira. Ulilifunika dishi kwa mkeka, ukasubiri. Walipoondoka ukaufunua mkeka, ukapangusa vumbi, ukaita wachu. Ndiyo maana naona haya kukuandikia. Wewe uliwangoja wale wakapita. Hawa wa sasa sijui hata nawangojaje, maana sijapata kuwaona.

Ulipofariki, Mjomba Lali, nduguyo, ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akapapasa kila ubao kwa mikono mpaka akaridhika kwamba umelala vizuri. Ilikuwa Jumamosi, tena ya mechi kubwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ufunguo.

Wiki ya pili yake nikafungua. Nikafuata desturi yako: mwenye pesa analipa pesa, mwenye samaki anatoa samaki, asiye na kitu anaingia. "Mchu hafukuzwi mlangoni," ulikuwa ukisema. Mjomba Lali alikuja kila Jumamosi na samaki wake wawili katika kamba, akakaa benchi la mbele. Picha alikuwa haioni sawasawa. Alifuata kelele, na watu wakipiga ukelele naye anainua mikono.

Misimu miwili ilipita hivyo. Halafu kabla ya msimu wa tatu kuanza nikapanda boti kwenda Kismayo kulipia kadi ya dikoda, kwa yule fundi wa madishi tunayemjua. Nikamkuta amekaa tu dukani, mikono mapajani.

"Usitoe pesa," akaniambia. "Ligi ya Uingereza haimo tena kwenye kadi hii. Haki za kuonyesha zimenunuliwa na kampuni nyingine."

Nikamwambia basi nipe kadi ya hao walionunua. Akatikisa kichwa. Hao hawauzi Somalia.

"Mpira unauzwaje?" nikamwuliza. "Si unachezwa uwanjani mbele ya watu?"

"Mpira ni wao wanaoucheza, picha ni ya aliyeinunua. Ameinunua ya nchi hii na hii na hii. Yetu hakuna aliyeitaka."

Hakunikasirikia, mama, wala hakunicheka. Yeye mwenyewe duka lake lilikuwa linakufa mbele ya macho yangu. Nikarudi Chula mikono mitupu.

Nikampigia Mwanaidi, binti wa khaloo, dada yako, kule Mombasa. Akaninunulia kadi ya kampuni mpya kwa jina lake, akaileta kwa msafiri. Ilishika. Siku picha ilipotokea nililia, nikasema mama angefurahi. Lakini bei ya mwezi mmoja ilikuwa kama ya miezi minne ya zamani, na kampuni ile inataka pesa kwa simu, haitaki samaki, awe changu au kolekole. Nikapandisha kiingilio. Nikasema mlangoni kwamba kuanzia leo ni pesa tu, kwa kila mtu, bila kuchagua.

Mjomba Lali hakuwa amesikia.

Mama, hili ndilo lililonikalisha kuandika. Alikuja baada ya alasiri na samaki wake wawili, amevaa kanzu safi. Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na kitu, wote wameshika pesa, wote wananitazama nitafanya nini. Nilijua kwamba nikimwingiza mmoja kwa samaki, kesho wote watakuja na samaki, na mwisho wa mwezi picha itakatika. Nikasema, "Mjomba, leo ni pesa."

Akasimama. Akauliza, "Hata mimi?"

Niliangalia chini.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mtanipa habari." Akageuka. Nilidhani amekwenda nyumbani, kumbe alizunguka akakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa makuti, samaki miguuni. Mle ndani watu walipopiga kelele ya goli nilichungulia kwenye tundu la ukuta nikamwona ameinua mikono, peke yake, inzi wamejaa juu ya wale samaki. Nami sikutoka kumwita. Ningeweza kutoka, mama. Sikutoka.

Na pesa zile zote hazikusaidia kitu. Mwezi haujaisha ikaja mechi kubwa ya wapinzani wa jadi. Boti zilikuja kutoka visiwa vya Ngumi na Fuma, banda likafurika, waliokosa nafasi wakakaa mchangani chini ya televisheni. Dakika ishirini hivi, picha ikaganda. Kisha ikawa nyeusi na maandishi ya Kizungu katikati. Mwalimu wa madrasa, aliyesoma Kenya, akasimama akatusomea: "Wanasema huduma hii haipatikani mahali mlipo."

Nikampigia Mwanaidi, naye akawapigia wao. Nilisimama na simu sikioni watu wote wakinitazama mdomo. Aliporudi kwangu sauti yake ilikuwa ndogo. Wamejua kadi inatumika nje ya Kenya, wameifunga, na hawaifungui.

Nikawaambia. Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakitazama kioo cheusi, kana kwamba kwa kukitazama sana kitawaonea huruma. Mvuvi mmoja wa Fuma akasema, "Miaka yote hii hakuna serikali wala mchu aliyejua tuko wapi. Hawa wamejuaje?" Walicheka wachache. Nikapita benchi kwa benchi nikiwarudishia viingilio vyao. Wengine walikataa kupokea. Afadhali wangenitukana.

Kesho yake nilikwenda kwa Mjomba Lali kumwomba radhi. Nilimkuta anasokota kamba ya makumbi ya nazi. Nilipiga magoti mbele yake. Akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo.

"Huna kosa," akasema. "Ningejua nani mwenye kosa ningekwenda kugombana naye. Simjui. Wewe unamjua?"

Nikasema simjui.

"Basi inuka."

Kuna mtu Kismayo alinitumia habari kwamba ipo njia ya kuiba picha hewani, hailipiwi. Nilimwuliza imamu kama yafaa. Akaniambia, "Usiniulize mimi hilo, Mwanaesha. Mimi mwenyewe naupenda mpira." Sikuichukua njia hiyo. Si kwamba mimi ni mwema. Niliogopa siku nyingine banda lijae, nisimame tena mbele ya kioo cheusi.

Sasa Jumamosi vijana hupanda juu ya tuta nyuma ya msikiti, ndipo simu zinaposhika, kila mmoja na simu yake. Picha haziji, mtandao wetu hauwezi. Yanakuja matokeo tu. Moja bila. Mbili mbili. Hawapigi kelele. Wanasoma, wanashuka, wanakwenda zao. Wa Ngumi na wa Fuma hawaji tena, na sijui hali zao. Zamani nilizijua kila wiki.

Nimejaribu kufikiri wewe ungefanya nini. Nafikiri mpaka kichwa kinaniuma, sipati. Labda hata wewe ungeshindwa. Naliandika hilo kwa shida, kwa sababu sijapata kukuona umeshindwa, lakini likiwa kweli litanipunguzia. Nisamehe, mama, kwa kutaka ushindwe nami.

Ulale kwa amani ya Mola, na kaburi lako aliwekee wasaa. Sina uwezo wa kukuahidi kwamba banda litafunguliwa, hilo limo mikononi mwa watu wasiojua kwamba tupo. Nakuahidi kidogo ninachokiweza. Jumamosi nitakwenda kwa Mjomba Lali baada ya alasiri, na kila Jumamosi itakayofuata. Nikijua goli lilivyoingia nitamsimulia. Nisipojua nitamwambia sijui, nikae naye.

Mwanao,
Mwanaesha