Bonge Hakohoi

Jumanne, 4 Machi
Wodini tena. Mara ya tatu, na hata mwaka na nusu hajafikisha! Nimonia. Mwanangu Kijiti ana mpira wa oksijeni puani, mbavu zinabonyea akivuta pumzi. Dada kaja na Bonge mgongoni — pacha wa Kijiti, niliyempa dada amlee tangu wana miezi minane, maana yeye hakujaliwa mtoto. Mashavu hayo! Hajalazwa hata siku moja. Kamwita dada “mama”. Mimi kanikodolea macho kama mgeni. Nimeona wivu.

Jumatano, 5 Machi
Kuna daktari wa utafiti, anachunguza kwa nini mafua yaleyale mtoto mmoja yanampitia tu, mwingine yanamlaza. Kusikia mapacha, akavuta kiti! Kachukua mate ya wote wawili kwa pamba. Eti mengine ni ya kurithi, mengine ni hewa ya nyumbani. Ya kurithi! Mama mkwe ana pumu — nimemwambia mara mbili aandike.

Ijumaa, 7 Machi
Bonge kapiga chafya. Nikafurahi. Mungu nisamehe, nilifurahi.

Jumatatu, 17 Machi
Majibu. Ni mapacha wa kufanana kabisa, walichorithi ni kilekile. Huenda vifua vyote viwili ni dhaifu, kasema daktari, ila kimoja kinavuta moshi. Kasema kwa upole, ndiyo maana nimeumia zaidi. Napigia wapi pasi nguo za watu? Chumbani. Pasi mbili za mkaa, mlango nimefunga vumbi lisiingie kwenye mashati. Na mtoto? Chini ya meza, nimwone! Dada akainamisha kichwa. Yeye hata chai anachemshia umeme. Bora angenicheka.

Jumanne, 18 Machi
Ameruhusiwa. Dada kaja na mbeleko mbili.
“Nipe na huyu, mdogo wangu. Miezi mitatu tu, kifua kikae sawa.”
Hata Bonge alimwomba kwa miezi mitatu tu! Kijiti mwenyewe kamnyooshea mikono. Dada kamfunga mgongoni, Bonge kamshika kidole, hao, mpaka getini. Nimewaambia nimesahau chupa ya dawa, nakuja. Chupa ninayo mkononi. Nimekaa kwenye kitanda cha Kijiti naandika, na dada ananiita. Mara ya pili sasa —