Ngoto Baada ya Hukumu

Ndola, Zambia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limepunguza ubishi, na kile kikohozi cha asubuhi kimekwenda zake. Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, na sina la kunung'unikia isipokuwa baridi. Mimi niliyezaliwa mlimani nilidhani baridi naijua. Ya huku haina ukungu, inakuja na jua lake: unaliona jua linawaka na bado unatetemeka, midomo imepasuka.

Barua anakuletea Hamisi, dereva wa lori anayepita hapo Morogoro akielekea Dar. Nilikupigia simu ukanijibu, "Niandikie nisomewe taratibu, maana kwenye simu unaongea kama unafukuzwa." Haya, nimeandika. Akusomee mwalimu Tatu, jirani yako, siyo mjomba. Mjomba akisoma ataruka mistari asiyoipenda. Namjua, na yeye mwenyewe anajijua.

Umeniuliza jambo moja: maharage yameshakauka, je, upeleke ngoto ya mavuno kwa Shabani mwaka huu au usipeleke? Mjomba anasema ukipeleka umekubali kushindwa. Majirani hapo Bigwa wanakupongeza eti umeshinda, na wengine wanakupa pole siku hiyohiyo. Wewe unasema hujui hata kama nyumba unayolala ni yako. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze hukumu yenyewe ilivyo, maana naona huko kila mtu ana hukumu yake.

Wakili alinitumia kwenye simu. Imeandikwa kwa Kiingereza na ni ndefu. Nimeisoma hapa yadi, wakati wa chakula cha mchana, katikati ya karatasi za mizigo ya malori ninazopokea. Paliponishinda nilimpigia wakili akanifafanulia. Yule kijana ana subira, tumshukuru. Kwa hiyo utakayosomewa si maoni yangu. Ndivyo walivyosema majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, na juu ya mahakama hiyo hakuna nyingine. Mjomba alielewe hilo. Kuna kitu kinaitwa mapitio, lakini wakili amesema hicho ni kwa kosa lililo wazi kabisa, siyo kwa mtu ambaye hakuridhika.

Wameanza kwa kusimulia maisha yetu. Inashangaza kuyasoma hivyo. Baba ameitwa marehemu, wewe umeitwa mrufani, Shabani ameitwa mjibu rufani, na mimi nimetajwa mara moja tu, kama binti wa mrufani. Wameandika kwamba shamba la juu ya Bigwa ni la ukoo wa baba, na kwamba kwa mila ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hivyo ardhi ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake, haiendi kwa mtoto wake wa kuzaa. Mtoto wa dada ni Shabani. Mtoto wa kuzaa ni mimi. Jambo hilo nimelijua tangu utoto bila kuambiwa na mtu, lakini kulikuta limechapwa kwenye karatasi ya mahakama ni kitu kingine. Nilisimama nikaenda kuchemsha chai.

Halafu wameeleza jinsi baba alivyokuleta pale ukiwa bibi harusi, mkajenga, mkapanda miparachichi na mdalasini, na kila mavuno mkapeleka ngoto kwa mkuu wa ukoo wake: maharage na kuku, kuonyesha kwamba mnajua udongo ni wa nani. Baba alipofariki, na yule mkuu pia, Shabani akashika nafasi zao zote mbili. Shabani akapata mtu wa mjini anayetaka shamba lote ajenge nyumba za wageni, akakuambia uhame. Tukaenda Baraza la Ardhi, ukapewa ushindi kwa sababu umekaa miaka mingi. Mahakama Kuu ikapindua, ikasema shamba ni la Shabani. Ndipo tukapanda Rufani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapochanganya.

Lile uliloliogopa, kwamba kesi ingerudishwa mwanzo kabisa, halikutokea. Wakili alikuambia juu ya yule mama wa bondeni ambaye shauri lake lilifutwa lote huko juu, kwa sababu tu maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wenye kesi. Mahakama ya Rufani haina mchezo na jambo hilo: wazee wamekaa kusikiliza, basi waliyoyaona yasomwe kila mtu asikie. Kwetu yalisomwa, na imo kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo wakaingia kwenye shamba lenyewe.

Na kwenye shamba lenyewe, mama, umeshindwa. Naliandika waziwazi ili mtu asikudanganye. Wamesema aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mtu ni mgeni, na miaka haimgeuzi kuwa mwenyeji hata ikiwa mingi namna gani. Wametaja hukumu zao nyingine za miaka ya karibuni, za mikoa mingine, zote zinasema hivyohivyo. Kwa hiyo swali likabaki moja, kama wewe ulikuwa mgeni au la. Jibu wamelichukua kinywani mwako.

Nilikuwepo siku ile. Yule mzee wa baraza, mwembamba mwenye kofia, aliuliza kwa upole: "Bibi, tangu mumeo afariki, ngoto umekuwa ukipeleka?"

Ukaiweka khanga yako vizuri kabla hujajibu. "Kila mwaka, baba. Mimi si mtu wa kukosa adabu."

"Hata mwaka ule aliofariki?"

"Hata mwaka ule. Nilikuwa nimekaa eda, nikamtuma binti yangu."

Wakili wa Shabani alifunga faili lake, hakuuliza tena. Wa kwetu aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Na wewe ukarudi kukaa umenyooka, umeridhika, ukaninong'oneza kwamba sasa wamejua umetoka kwa watu. Majaji wameyaweka maneno yako kwenye hukumu, wakasema anayepeleka ngoto anakiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba ardhi ni ya anayempelekea. Nilipofika hapo nililia. Nilikasirika kwamba katika ukoo mzima wa baba hakuna aliyekushinda kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyokuangusha.

Lakini hawakuishia hapo. Shabani naye alikuwa ameulizwa akiwa kizimbani kuhusu maharage na kuku, kama alikuwa akila peke yake. Unakumbuka alivyochukia? Akasema yeye si mlafi, ngoto ni ya tombo zima, anaipeleka kwa wazee wanagawana, na bibi zake wanapata chao. Majaji wakamshika hapohapo. Wakasema kama ngoto ni ya tombo, yaani ya wote waliotoka tumbo moja, basi na ardhi ni yao wote, na yeye ameishika tu kwa niaba yao. Ile amri ya Mahakama Kuu kwamba shamba ni mali yake wameitengua. Hawezi kuuza mpaka watu wa tombo wakae na kukubali, wanawake wakiwemo. Yule mtu wa nyumba za wageni ameshaondoka.

Wakili anasema hiyo ndiyo sehemu itakayosomwa mlima mzima, maana wako wapwa wengi wanaouzia watu wa mjini viwanja vya ukoo kimyakimya. Anasema hata Mzumbe wanafunzi wa sheria wameanza kuijadili. Basi jua kwamba kuku wako sasa wanafundishwa chuoni.

Kuhusu kuondoka kwako, mahakama haikuamuru. Imesema ukaribisho wa ukoo haujaondolewa kwa taratibu za ukoo, na mpaka uondolewe unakaa. Ilitajwa pia kwamba tangu siku ile ya baraza hujapeleka ngoto, kwa sababu wakili wa kwanza alikukataza. Hapo majaji hawakuamua. Wamesema mambo ya namna hiyo wenyewe mtayamaliza.

Madereva hapa yadi nao wamelijadili, hawana kazi nyingine wakisubiri karatasi. Mmoja wa Kyela alisema kwao ardhi ni ya baba, sisi Waluguru tumezidi kuwapa wanawake kichwa. Nikamwambia karatasi za lori lake ziko mezani kwangu na mimi ni mwanamke. Baadaye akaniletea maandazi. Kazi yenyewe imepungua, mwenye yadi ameachisha wawili na mimi nafanya sehemu yao. Kibali changu kimeongezwa. Usiwe na wasiwasi juu yangu, ila usimwambie mjomba kwamba sina wasiwasi, maana ataniomba simu mpya.

Na mjomba nina neno naye, mwalimu Tatu amsomee hapa kama yupo. Shikamoo mjomba. Umempeleka mama mahakamani kwa nia njema, ukisema mtoto apate cha baba yake. Je, umefikiria kama tungeshinda? Ardhi ya ukoo wetu kule Kinole umeishika wewe. Kwa mila ni yangu na ya watoto wa mama mdogo, siyo ya watoto wako, ingawa nawapenda. Mahakama ingesema mtoto hurithi kwa baba, watoto wako wangekuja Kinole na hukumu hiyohiyo mkononi, na mimi ningekuwa mgeni huko pia. Sheria iliyoninyima kwa baba ndiyo inayonipa kwa mama. Nimelifikiria hilo siku nyingi na sijaona pa kulikwepa.

Sasa usikasirike, mama. Nimempigia Shabani.

Alipokea. Nikamwamkia. Hatujaamkiana tangu kesi ianze, unajua. Akaniuliza hali, nikamuuliza hali, tukaulizana habari za mvua kama watu waliokutana dukani. Kisha nikamwambia, "Mkazamjomba wako anauliza habari ya ngoto."

Akasema, "Anauliza nini? Ngoto haiulizwi."

Nikamwambia, "Anaogopa kwamba akileta utamcheka, na asipoleta utamfukuza."

Akasema, "Mimi nilitaka kuuza, sitakuficha. Wamenizuia, na mama yangu mwenyewe amenisema mbele za watu. Lakini hata nilipokuwa nataka kuuza, mavuno yakifika wazee walikuwa wananiuliza, yule mke wa marehemu amehama? Mbona hatumwoni? Mwaka wa kwanza nikawaambia kuna kesi. Mwaka wa pili nikakosa la kuwaambia."

"Na mwaka huu utawaambia nini?"

"Mwaka huu wameita kikao baada ya swala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wanataka kujua kama yule ni mgeni wetu au si mgeni wetu. Aje mwenyewe. Asitume mtu."

Nikamuuliza yeye binafsi anataka ipi. Akasema hajui. Nikamwamini, kwa sababu angetaka kunidanganya angesema kitu kitamu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: peleka. Mjomba anasema ukipeleka umeshindwa, na ni kweli, lakini kushindwa huko kumeshatokea, kumepigwa mhuri, maharage hayaongezi wala hayapunguzi. Usipopeleka, kikao kitasema umejiondoa mwenyewe, na hakuna jaji atakayekurudisha. Ukipeleka, unaweza kukaa kwenye nyumba yako mpaka mwisho wako, kwa adabu yako mwenyewe, na baada yako itakuwa yao. Mimi sitaipata. Nimekwisha kulimeza hilo, na wewe limeze. Uliniambia umepigana kwa ajili yangu. Najua. Nimesoma kurasa zote na nimeona ulivyopigana. Inatosha sasa.

Nenda na debe la maharage ya mwaka huu, na kuku mmoja, jike. Usipeleke ya miaka iliyopita, utaonekana unalipa faini. Usitaje kesi. Usimwambie mtu kwamba nimekushauri. Wakikupokea, kaa nao, ule wanachokula.

Na wasipokupokea, usibishane nao wala usiwaonyeshe hukumu. Chukua kuku wako urudi nyumbani, unipigie, nami nitaomba ruhusa nije. Tutapanda wote juu ya paa, tutaezua mabati moja moja, tutayapakia kwenye lori la Hamisi tukajenge Kinole. Miti tutawaachia, kwa sababu aliipanda baba, na baba alikuwa mtu wao.

Msalimie mwalimu Tatu, nimemchosha macho leo. Msalimie mama mdogo na wanawe. Mjomba ameshapata salamu zake. Hamisi mpe chakula kabla hajaendelea na safari, ana aibu ya kuomba. Na siku hiyo ukifika kikaoni, ukiwa bado umesimama mlangoni hujajua watasema nini, msalimie Shabani kwa jina langu. Kwa mila ameingia mahali pa baba. Mwambie mwanawe anamwamkia.

Ni mimi, wa tumbo lako,

Rehema